Nzowa (1994) Hayupo

Watu wenye heshima zao huota usiku, kitandani, wakiwa wamejifunika. Mimi niliota jana saa nane mchana, nimekaa kwenye kiti cha maktaba ya chuo, shavu juu ya kibodi, nikijaza ukurasa mzima kwa herufi j.

Nianze kwa kukiri, maana mficha uchi hazai. Naitwa Ambakisye, mwalimu wa jiografia niliyeruhusiwa kwenda kusoma shahada ya uzamili kwa miaka miwili, na huu ni wa nne. Utafiti wangu unauliza kwa nini wanawake wanaogawiwa majiko banifu, yale yanayokula kuni chache, hawayatumii. Ni swali zuri. Nimelitunza miaka minne bila kulichafua kwa jibu.

Kinachonikwamisha ni Sura ya Pili, ile ambayo mtafiti anapitia yaliyoandikwa na wenzake kabla hajafungua mdomo wake mwenyewe. Msimamizi wangu, Dokta Kokugonza, ameirudisha mara tatu, na mara zote ameandika kwa kalamu nyekundu sentensi ileile: "Mapitio haya ni ya aina gani?" Mara ya kwanza nilijibu kwa kuongeza kurasa sita. Mara ya pili nilibadilisha aina ya herufi. Juzi, mara ya tatu, akanipa fomu ya chuo yenye mstari mmoja mtupu, Aina ya mapitio, akavua miwani yake.

"Ambakisye, niletee hii kesho saa kumi, imejazwa," alisema. "Ukishindwa, sisaini, na nisiposaini jina lako linaondolewa chuoni. Nimekutetea kwenye vikao mpaka nimeishiwa maneno."

Nyumbani hakuna anayejua. Shangazi Sekela ameshashonesha sare ya kitenge ya mahafali yangu mara mbili. Ile ya kwanza sasa ni mapazia. Kila Jumapili ananitaja kanisani kama "yule wetu anayemalizia". Jina likiondolewa, sijui nitamtazama vipi yule mama.

Nilichopanga kuandika kwenye ule mstari ni "ya kimfumo". Neno lenyewe lina uzito. Mtu akilisikia anaogopa kuuliza zaidi. Sura yangu ina vyanzo sitini na kimoja. Nilivyovisoma ni saba. Vingine vyote nilivikuta kwenye tasnifu za watu, nikavihamisha pamoja na mabano yake, kama mpangaji anayehama na balbu za mwenye nyumba.

Basi nikaitazama fomu, fomu ikanitazama, usingizi ukanipitia.

Sura ya Pili inakohoa.

"Inuka," inaniambia. "Tumeitwa."

Inatoka kwenye kompyuta taratibu, kama mtu anayeshuka kitandani na mgongo unamuuma, inasimama juu ya meza. Sikujua kwamba ina miguu. Inayo miwili isiyolingana, mmoja wa herufi kubwa nene, mwingine wa herufi ndogo za mlazo, kwa kuwa niliinakili kutoka tasnifu mbili tofauti. Inachechemea.

"Pole," nasema.

"Pole ya nini, na wewe ndiye uliyenishona? Tembea."

Tunafungua mlango wa choo cha maktaba. Ndani ni ofisi ya kata. Pana benchi, kalenda ya miaka mitatu iliyopita, na madirisha manne yenye nondo. Ukutani kuna ubao: USAJILI WA MAPITIO. KILA CHANZO KIJE CHENYEWE.

Nasoma maneno ya mwisho mara mbili.

Dirisha la kwanza lina mama aliyevaa glavu nyeupe na miwani mbili, moja juu ya nyingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Aina?"

"Ya kimfumo."

Ananitazama kwa miwani ya kwanza, kisha kwa ya pili. "Itifaki iko wapi? Ule mpango unaoandikwa kabla ya kuanza kutafuta. Unatafuta nini, wapi, nani ataingia, nani atabaki nje, na kwa nini."

"Niliuandika baadaye."

"Baada ya nini?"

"Baada ya kusikia kwamba unatakiwa."

Anaandika kitu kifupi. "Ulitafuta wapi?"

"Mtandaoni."

"Mtandao una njia nyingi. Ulipita ipi?"

"Ya kwanza."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka chini ya ukurasa wa kwanza, mama. Pale ilipoandikwa 'endelea', mimi sikuendelea."

Anagonga kengele na vyanzo vyangu vinaingia. Saba wa kwanza wanaingia kwa miguu yao, wanaume kwa wanawake, na wananisalimia kwa jina. Nafurahi karibu nilie. Hamsini na wanne waliobaki wanaingia wamebebana. Mmoja kambeba mwenzake mgongoni, na huyo wa mgongoni kambeba mwingine, hivyo hivyo kwenda juu, hadi wa mwisho kichwa chake kinasugua dari. Miaka minne nimekuwa nikiandika "kama alivyonukuliwa na", na leo ndiyo kwanza naona ni mzigo gani.

"Wa juu kule unamfahamu?" mama anauliza.

"Kwa jina."

"Kila chanzo husomwa na wasomaji wawili wasiosikilizana. Msaidizi wako yuko wapi?"

"Sina."

"Basi tutatumia vilivyopo."

Ananyoosha mkono kupitia nondo, anatoa jicho langu la kushoto, kisha la kulia, kwa uangalifu wa mtu anayetoa mayai kwenye trei. La kushoto linapelekwa chumba cha mafaili. La kulia linapelekwa stoo. Milango inafungwa yasije yakaambizana.

Nangoja gizani nimeshikana mkono na Sura ya Pili. Kiganja chake kimelowa jasho.

"Jicho la kushoto limekubali vyanzo vinne," mama anatangaza. "La kulia limekubali ishirini na tisa. Nililikuta linasinzia."

"Ndiyo kawaida yake, mama."

"Wasomaji wawili wakitofautiana, anaitwa wa tatu aamue. Pua!"

Pua yangu inainama juu ya vyanzo, inavuta hewa mara moja tu. Inasema, kwa sauti ambayo sikujua inayo, kwamba ukiondoa wale saba, hakuna chanzo hata kimoja hapa ambacho mtu huyu amewahi kukifungua. Pua yangu mwenyewe. Nimeilea kwa miaka arobaini na moja.

Narudishiwa macho. La kulia limewekwa kushoto, lakini siko katika hali ya kudai haki.

"Si ya kimfumo," anasema mama. "Dirisha la pili."

Dirisha la pili halina mtu. Lina mizani, ile ya sahani mbili ya kupimia mchele sokoni.

"Mimi nachukua matokeo ya tafiti nyingi zilizopima kitu kilekile," inasema mizani, "nayaunganisha, natoa jibu moja. Weka matokeo."

Naweka aya yangu bora kwenye sahani. Sahani haitikisiki.

"Hapa umeandika kwamba wanawake 'wengi' hawatumii majiko. Wengi ni kilo ngapi?"

"Wengi tu."

"Na hapa, 'baadhi'?"

"Hao ni pungufu ya wengi."

"Kwa kiasi gani?"

"Kwa kiasi fulani."

Mizani inauliza kwa upole, kama daktari aliyeshaona picha ya eksirei: "Mwalimu, unafundisha watoto wa watu?"

"Jiografia," nasema.

"Dirisha la tatu."

Dirisha la tatu likifunguliwa tu, hatuko ofisini tena. Tuko shambani, jua linawaka, na mbele yetu kuna bwana mmoja mwenye viatu vya mpira, futi kamba na fungu la vigingi.

"Mimi ni wa mapitio ya upeo," anasema. "Sihukumu mtu. Chanzo kizuri, chanzo kibovu, yote mamoja kwangu. Kazi yangu ni kupima eneo lote, nani kaandika nini, kasimama wapi, na wapi hajasimama mtu. Mwisho nakupa ramani."

Ramani! Hapo nikatuna. Mtu aliyefundisha ramani miaka kumi na minne hawezi kushindwa hapa. Namsaidia kuchomeka vigingi, namkosoa vipimo, namweleza habari za kaskazini halisi na kaskazini ya dira. Ananisikiliza kwa adabu ya mtu anayengoja.

"Kwenye ukurasa wako wa kumi na tisa," anasema nilipomaliza, "umeandika: 'Kuna pengo kubwa la utafiti.' Nionyeshe."

Natazama shamba. Vyanzo vyangu vimesimama huku na huku. Naona mahali patupu, nanyoosha kidole. Kusema kweli ningeweza kunyoosha popote.

Bwana anachukua jembe, anachimba. Pigo la tatu linagonga sufuria.

"Nani huyo anayetumwagia udongo kwenye mboga?" sauti ya mwanamke inatoka chini.

Tunachungulia. Ndani ya pengo langu kuna jiko, moshi, na wanawake watano wanapika.

"Pengo lako lina wenyeji," bwana wa futi kamba anasema, akiandika.

"Mko humo tangu lini, mama?" nauliza.

"Siku zote! Na tumeshaulizwa maswali yote. Alikuja dada mmoja na daftari, Nzowa, akakaa nasi miezi mitano. Akachota maji, akapika, akaandika. Wewe ni nani?"

Nzowa (1994) ndiye anayefungua Sura yangu ya Pili, mstari wa kwanza kabisa. Nimemnukuu mara tisa.

"Hili siwezi kulisajili," bwana anasema, akikunja futi kamba. "Kimbia dirisha la nne. Saa tisa na nusu hii."

Kwenye dirisha la nne hakuna dirisha. Pana mkeka, na juu yake amekaa mama mmoja mnene, amekunja miguu, anachambua choroko.

"Hodi, mama. Shikamoo. Hapa ndipo wanaposajiliwa walioshindwa kwingine?"

"Marahaba, baba, lakini mimi si jalala." Hainui macho. "Kila mvivu akifukuzwa kule anakuja kwangu anasema, 'Basi yangu ni mapitio simulizi.' Simulizi ya nini, kama huijui? Mimi siiti kila chanzo kilichopo duniani, ni kweli. Nachagua. Lakini ninayemchagua namjua, na nasema kwa nini nimemchagua. Namjua aliyeanza, aliyembishia, na ugomvi wao ulipofikia. Kaa. Simulia."

Nakaa. Naanza na wale saba, na cha ajabu, naweza. Huyu alipima kuni kwa mizani jikoni, yule akambishia kwamba alipima wakati wa mavuno, siku ambazo hata anayepika hayupo nyumbani. Wale saba wanakuja kukaa mkekani, wananisahihisha, tunacheka. Mmoja ananimegea muhogo. Kwa mara ya kwanza kwa miaka minne naongea habari ya utafiti wangu bila tumbo kuniuma, na nasikia raha mpaka nasahau kwamba nina kesi.

"Na wote hawa," namalizia kwa madaha, "wanatanguliwa na Nzowa (1994), aliyethibitisha kwamba wanawake hukataa majiko banifu kwa kukosa elimu."

Mama anaacha kuchambua. "Alithibitisha wapi?"

"Mwaka 1994."

"Mwaka si mahali, baba. Nani kakwambia?"

Namwonyesha chanzo kimoja kati ya wale waliobebana. Mama anakiuliza. "Mimi niliambiwa na huyu niliyembeba," kinasema. Huyo naye kaambiwa na wa juu yake, na wa juu yake na wa juu zaidi, hadi kule darini, ingawa tuko nje na dari halipo. Kule juu kabisa kumekaa kijitabu chembamba cha warsha, jalada limepauka.

"Mimi Nzowa nilimsoma," kinasema kijitabu kwa fahari. Kisha kinaongeza, "Nusu ukurasa. Ilikuwa saa ya chai."

"Aitwe Nzowa," anasema mama.

Namwita. Naita kwa sauti ya mwalimu wa zamu, jina na mwaka. Naita mara ya pili. Naita mara ya tatu. Chanzo kimoja kinajibu kwa niaba yake, kama wanafunzi wanavyofanya asubuhi: "Hayupo!"

"Asipofika kabla ya saa kumi," mama anasema, na hasemi kwa ubaya, "kila aya irudi kwa mwenyewe."

Aya hazingojei saa kumi. Ya kwanza inajichomoa ubavuni mwa Sura ya Pili, inajikung'uta, inaondoka bila kuaga. Ya pili inaifuata. Mguu wa herufi nene unaitwa na mwenyewe kutoka mbali na unakwenda ukirukaruka kwa furaha. Sura ya Pili inalala mkekani, imebaki kichwa cha habari, aya chache na namba za kurasa.

"Usiniache," inaniambia.

Nimeilaani sura hii kila siku. Nimewahi kuipiga ngumi. Lakini sasa naitazama ilivyokonda na moyo unaniuma vibaya, kwa sababu iliomba kitu kidogo sana, kusomewa, na mimi nikaipa majina ya watu. Naiweka mfukoni. Nakimbia shambani, nafumba macho yangu yaliyopishana, naruka ndani ya pengo.

Jikoni moshi ni mwingi. Wanawake wanasogea kunipisha kama mtu anayechelewa msibani.

"Namtafuta Nzowa."

Anayesonga ugali hageuki. Ananionyesha kwa kidevu. Pembeni, kati ya kuni na mtungi, limesimama kabati la chuma la kijivu, la ofisini, na halina sababu yoyote ya kuwa hapo.

Navuta mlango. Ndani, chini ya rundo la karatasi za mitihani, kuna tasnifu yenye jalada la bluu, iliyopigwa chapa kwa mashine ya zamani.

"Funga mlango, moshi unaingia," inasema. Halafu: "Ngoja. Wewe umekuja kunisoma?"

"Nimekuja kukuita. Unatakiwa dirishani."

"Naitwa kila mwaka, nasikia. Ananitaja huyu, ananitaja yule. Nimekuwa maarufu humu gizani. Ila hajaja mtu. Fungua ukurasa wa arobaini na tatu."

Naufungua. Karatasi ina masizi. Nzowa aliandikia jikoni, na jiko liliandika pia. Nasoma kwa sauti, na wanawake wote watano wanaacha walichokuwa wakifanya.

"'Maofisa wote walinieleza kwamba wanawake hukataa majiko haya kwa kukosa elimu.'"

"Unaona!" nasema. "Umesema!"

"Saa ya chai ililia hapo," inasema tasnifu. "Wewe endelea."

"'Nikaenda jikoni kuuliza. Mama mmoja aliniambia hivi: Jiko lenu ni zuri, linakula kuni kidogo. Lakini mimi nasongea watu kumi na mmoja, na nikianza kusonga jiko lenu linatembea. Jana limenifikisha mlangoni. Sasa nalitumia kuhifadhia vitunguu. Kamuulizeni aliyelitengeneza kama amewahi kushika mwiko. Nami nahitimisha kwamba wanawake hawa hawakosi elimu ya jiko. Jiko ndilo linalokosa elimu ya ugali.'"

"Ndivyo nilivyomwambia," anasema yule anayesonga. Sasa amegeuka. Macho yake yana maji, labda ni moshi. "Neno kwa neno. Kumbe aliandika."

Nimeweka kidole gumba cha kulia chini ya sentensi ya mwisho nisiipoteze. Nikikitoa, kimekuwa cheusi tititi.

"Twende dirishani," naiomba tasnifu. "Wanakungoja."

"Mimi nimefungiwa. Nenda wewe. Sema umenisoma."

"Nimesoma ukurasa mmoja."

"Ni mmoja zaidi ya wenzako."

Mama wa ugali anageukia sufuria, anakaza mwiko, na jiko banifu lililoko chini yake linaanza kutembea. Linapita wanawake, linakuja moja kwa moja kwangu, linanigonga kwenye muundi, ko, ko, ko.

"Mwalimu." Ni Bi. Mashavu wa maktaba, anagonga meza kwa rula. "Unakoroma, na wenzako wanasoma. Halafu ulisema una miadi saa kumi. Imebaki dakika saba."

Nilipanda ngazi za idara nikiwa na fomu mkononi na alama za kibodi shavuni. Mstari ulikuwa bado mtupu. Kalamu nilikuwa nayo, na "ya kimfumo" inaandikika kwa sekunde tatu hata ukiwa unakimbia. Sikuandika. Ningependa kusema ni uadilifu, ila ukweli ni kwamba niliogopa kuulizwa wengi ni kilo ngapi.

"Umejaza?" Dokta Kokugonza aliuliza bila kuinua uso.

"Shikamoo, Dokta. Bado."

"Marahaba. Kaa." Sasa aliinua uso. "Bado?"

"Dokta, vile vyanzo sitini na kimoja, nilivyosoma ni saba. Vingine nilivihamisha." Niliona mkono wake ukienda kwenye kalamu nyekundu, nikaharakisha kabla ujasiri haujaniishia. "Na Nzowa sijamsoma. Nilimchukua kwa watu. Nadhani sote tumemsingizia. Nadhani ukurasa wa arobaini na tatu anasema kinyume chake, kwamba jiko ndilo lenye kasoro."

Kalamu ilisimama hewani.

"Umeiona wapi hiyo tasnifu? Maktaba ina nakala moja, na haipo rafuni."

"Sijaiona, Dokta."

"Na ukurasa umeujuaje?"

Ningesema nimeota, angenitafutia gari la zahanati. Nikaiweka fomu mezani, mstari ukiwa mtupu. Nilijua ndiyo imekwisha. Nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwambia shangazi, na sikupata hata la kwanza.

Dokta hakufoka. Alichukua mkoba wake, akatoa ufunguo, akaenda nyuma ya mlango. Kulikuwa na kabati la chuma la kijivu ambalo kwa miaka minne nilikuwa natundikia koti. Alihangaika na kitasa mpaka kikalia. Akaondoa rundo la karatasi za mitihani, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa jalada la bluu.

"Niliiazima nikiwa mwaka wa pili wa uzamili," alisema akiwa bado amenipa mgongo. "Nilisema nitairudisha nikishaisoma."

Alilifuta kwa kiganja, vumbi likatuchafua sote wawili. Akakaa, akafungua ukurasa wa arobaini na tatu. Nilitazama midomo yake ikisoma. Alipofika mwisho alirudi juu, akaanza upya.

"'Jiko ndilo linalokosa elimu ya ugali,'" alisema taratibu. Akavua miwani. "Ambakisye, huyu dada nimemnukuu mara kumi na moja. Kwenye tasnifu yangu, kwenye majarida. Nimefundisha watu kwamba alisema kukosa elimu."

"Pole, Dokta," nilisema. Sikuwa na kingine, na nilimaanisha.

Akavuta fomu yangu. Kwenye mstari mtupu aliandika kwa mkono wake, kwa wino wa bluu: Simulizi. Chini yake akasaini.

"Futa hamsini na vinne," alisema. "Saba ulivyosoma viandike kama mtu anayevijua, na usichokijua uliza. Nzowa atakuwa wa nane. Tutamsoma wote wawili, wewe na mimi, kuanzia ukurasa wa kwanza. Kesho saa mbili asubuhi uwe hapa, na usichelewe."

"Asante sana, Dokta."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

"Ngoja."

Alikuwa ameinamia ukurasa, pua karibu iguse karatasi. Pembeni mwa ile sentensi ya mwisho kulikuwa na alama ya kidole gumba, nyeusi, mistari yake yote inahesabika. Aliigusa kwa ncha ya kidole chake. Ikampaka masizi.

"Kabati hili lina ufunguo mmoja," alisema, "na unakaa kwenye mkoba wangu. Lete mkono wako hapa."

Nikampa wa kushoto.

"Ule mwingine," akasema.